Bao la dakika ya saba: kwa nini ekipe nzima inapoteza kichwa juu ya kosa moja?

Kila mtu anayefuata mpira wa kartie anaijua picha hii. Ni siku ya yenga, saa tisa ya mchana, watu wamejaa mpaka juu ya mstari wa kiwanja. Ekipe ya nyumbani imeanza vizuri. Dakika ya saba, beki anarudisha mpira kwa kipa bila kumtazama, mpira unagonga kajiwe, unabadili njia, kipa anateleza, na mshambuliaji wa upande ule mwingine anausukuma golini polepole, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake. Moja kwa sifuri.

Zinabaki dakika 83. Ni muda mrefu. Lakini watu walio pembeni wanajua tayari kitakachofuata. Beki anamnyooshea kipa kidole. Kipa anajibu kwa kutupa mikono juu. Kapiteni anamlaumu kiungo ambaye hakuwa hata karibu. Mpira unaanzishwa haraka, unapotea haraka, na kabla ya dakika ya 20 imekuwa tatu kwa sifuri. Jioni, wakati wa kurudi nyumbani, kila mtu ana sababu yake. "Hawa batoto habana roho." "Kipa alikula feza." "Kuna mutu alizika kitu mu goli."

Shida ya majibu haya matatu ni moja: kila moja linafunga mazungumzo pale pale. Kama mtu amezaliwa bila roho, amehongwa au amelogwa, hakuna tena cha kufundisha. Na anayebeba mzigo wote ni kijana mmoja, mara nyingi kipa wa miaka 16 au 17, ambaye wiki inayofuata anapita njia ya nyuma ili asikutane na watu. Wengine hawarudi tena kiwanjani.

Kumbe jambo hili linaeleweka. Na mfano wake mkubwa uko katika historia ya mpira wa Kongo yenyewe.

Leopards wa 1974: ekipe moja, sura mbili

Wazee wanapozungumza juu ya aibu katika mpira, wanataja Gelsenkirchen. Tarehe 18 Juni 1974, katika Kombe la Dunia lililochezwa Ujerumani ya Magharibi, Leopards wa Zaire walifungwa na Yugoslavia 9 kwa 0. Bao la kwanza liliingia dakika ya 8, la pili dakika ya 14, la tatu dakika ya 18. Kocha akamtoa kipa Kazadi Mwamba na kumwingiza Tubilandu Ndimbi. Dakika ya 22 Tubilandu naye aliufuata mpira wavuni: bao la nne. Katika fujo iliyofuata, mchezaji mmoja wa Zaire alimpiga mwamuzi teke kwa nyuma, na mwamuzi, Omar Delgado wa Colombia, akamwonyesha kadi nyekundu Ndaye Mulamba, ambaye hakufanya kitu. Aliyepiga teke alikuwa beki Mwepu Ilunga, na alikubali mwenyewe baadaye. Zaire ikabaki na watu kumi, bila mfungaji wake mkubwa. Wakati wa mapumziko ilikuwa sita kwa sifuri.

Ukisoma hesabu hiyo peke yake unaweza kudhani ilikuwa ekipe ya watu wasiojua mpira. Lakini rudi nyuma miezi mitatu tu.

Machi 1974, Leopards wako Misri kwa ajili ya Kombe la Afrika. Katika nusu fainali wanakutana na Misri wenyewe, huko Cairo, mbele ya watu wa Cairo. Wenyeji wanatangulia mbili kwa sifuri. Hapo ndipo ekipe nyingi zinakufa: ugenini, watu wanapiga kelele, mabao mawili nyuma, saa inakimbia. Leopards wanarudisha la kwanza, halafu la pili kupitia kapiteni wao Kidumu Mantantu, halafu Ndaye anamaliza kazi. Tatu kwa mbili. Katika fainali na Zambia wanaongoza mbili kwa moja mpaka mwisho kabisa wa muda wa nyongeza, kisha Zambia wanasawazisha. Hilo nalo lingetosha kuvunja moyo wa mtu. Mechi inarudiwa siku mbili baadaye, na Leopards wanashinda mbili kwa sifuri, mabao yote mawili ya Ndaye. Alifunga mabao 9 katika mashindano yale, na mpaka leo hakuna aliyefikia hesabu hiyo katika Kombe moja la Afrika.

Basi, watu walewale. Kipa uleule Kazadi, aliyekuwa ameshinda kombe la Afrika 1968 na sasa tena 1974. Kocha uleule, Blagoje Vidinić, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa mtu wa Yugoslavia, jambo lililoongeza maneno mengi baadaye. Hata mechi ya kwanza ya Kombe la Dunia, na Scotland huko Dortmund, haikuwa ya aibu. Walifungwa mabao mawili kabla ya mapumziko, yakifuatana kwa muda wa chini ya dakika 10. Hawakuvunjika. Kipindi cha pili hawakufungwa tena, na wengi walisema hawa watu wa Zaire wanacheza vizuri.

Mabao mawili ya haraka tarehe 14 Juni: ekipe imesimama. Mabao matatu ya haraka tarehe 18 Juni: ekipe imeanguka. Kati ya siku hizo nne, kulitokea nini?

Miaka mingi baadaye, Mwepu Ilunga alisimulia. Kabla ya mechi na Yugoslavia wachezaji walipata habari kwamba primu waliyoahidiwa haitalipwa. Feza ilikuwa imeishia katika mikono ya wakubwa. Walikasirika mpaka wakataka kutocheza kabisa. Mwishowe waliingia kiwanjani, lakini waliingia vichwa vikiwa kwingine. Ekipe ya namna hiyo inaweza kuonekana nzima wakati wa wimbo wa taifa. Imesimama mstari mmoja, imevaa jezi moja. Kisha linakuja bao la dakika ya 8, na kila mmoja anajiuliza kimya swali moja: mimi ninajichosha hapa kwa ajili ya nani?

Ni kweli pia kwamba Yugoslavia walikuwa wakali. Hata Zaire ya Cairo pengine ingefungwa na ekipe ile. Lakini kufungwa mbili au tatu ni kitu kimoja, na kufungwa tisa ni kitu kingine. Tofauti kati ya hizo mbili haikuwa katika miguu.

Kuna mkia wa habari hii ambao dunia iliucheka vibaya. Siku nne baadaye, na Brazil, mpira wa adhabu umewekwa chini, Wabrazil wanajipanga kupiga, na Mwepu anatoka mbio kwenye ukuta na kuupiga yeye mwenyewe mbali kabisa. Mwamuzi anampa kadi ya manjano. Kwa miaka mingi picha hiyo ilionyeshwa kama kichekesho: Mwafrika asiyejua sheria. Mwepu alieleza kwamba sheria aliijua vizuri. Alisema watu wa Mobutu walikuwa wamewaonya kwamba wakifungwa zaidi ya tatu na Brazil wasifikiri kurudi nyumbani. Mechi iliisha tatu kwa sifuri. Aliyecheka hakujua anamwangalia mtu mwenye hofu.

Mwili unafanya nini baada ya kosa

Sasa turudi kwa kipa wa kartie na kajiwe kake.

Mara tu baada ya kosa, mwili unafanya kama umeona hatari ya kweli, nyoka au mtu mwenye panga. Adrenalini inapanda, moyo unapiga mbio, pumzi inakuwa fupi, mabega na mapaja yanakazana. Kwa kukimbia, hiyo inasaidia. Kwa kupokea mpira, inaharibu. Mguu uliokazana ni kama ubao: mpira unagonga na kuruka mbali. Juu ya viwanja vyetu, vile vya mawe meusi ya volkano Goma au vile vya udongo unaoteleza baada ya mvua Bukavu, ulaini wa mguu ndio kila kitu, kwa sababu mpira haufiki hata mara moja kama ulivyotumwa.

Macho nayo yanabadilika. Mtu mwenye hofu anaona kile kilicho mbele yake tu, kama anachungulia ndani ya bomba. Hamwoni mwenzake aliye peke yake upande wa kulia. Watu wa pembeni wanaona wazi, kwa hiyo wanakasirika: "Lakini si uko unamuona pale!" Hapana, hamuoni.

Halafu kuna jambo la tatu, na pengine ndilo la ajabu kuliko yote. Mwaka 2002, mtafiti wa Marekani Sian Beilock na wenzake walichukua wachezaji wa mpira wenye uzoefu pamoja na wanaoanza, wakawaomba kupitisha mpira katikati ya vikoni vilivyopangwa mstari. Mara fulani waliwaambia wafuate kwa akili ni sehemu gani ya mguu inayogusa mpira. Wale wanaoanza walisaidika. Wale wenye uzoefu, wakitumia mguu wao wa nguvu, walikwenda polepole zaidi kuliko kawaida yao. Maana yake ni kwamba mtu aliyezoea kazi anaifanya bila kuifikiria, kama mama anayesonga bugali huku anazungumza na jirani. Mwambie atazame mkono wake kila unapozunguka, na mwiko utaanza kumshinda.

Hiyo ndiyo inayomkuta mchezaji mzuri baada ya kosa. Anaanza kujichunguza. Pasi aliyoipiga mara elfu bila kufikiri, sasa anaifikiria: niweke mguu namna gani, nisikosee tena. Na kocha, kwa nia nzuri kabisa, anamalizia kazi kutoka benchi: "Angalia mguu! Angalia mpira! Fikiri!" Mtoto anayejifunza anaweza kusaidiwa na maneno hayo siku ya mazoezi. Mchezaji aliyekwisha kujua, dakika mbili baada ya kosa, yanamzamisha.

Kutoka kwa mmoja kwenda kwa kumi na mmoja

Mpaka hapa ni mtu mmoja tu. Ekipe ina watu 11. Kwa nini wale kumi wengine, ambao hawakukosea, nao wanapotea?

Kwa sababu hali ya moyo inaambukiza, na inapita kwa macho. Watafiti Tjerk Moll, Geir Jordet na Gert-Jan Pepping walitazama penalti zilizopigwa katika Kombe la Dunia na Kombe la Ulaya, wakatoa kazi yao mwaka 2010. Waliona kwamba mpigaji aliyefunga na kuonyesha furaha wazi, kifua mbele, mikono imefunguka, mara nyingi alikuwa upande uliomaliza kwa ushindi. Namna mtu anavyobeba mwili wake inasomwa na wenzake, na inasomwa na wapinzani. Sasa geuza picha hiyo. Beki anayeshika kichwa, kipa anayelala chini dakika nzima, kapiteni anayetupa mikono: kila mmoja anatuma habari kwa wote walio kiwanjani, hata kwa wale jezi nyingine. Wapinzani wanasikia harufu. Wanapanda juu.

Baada ya hapo, umbo la ekipe lenyewe linavunjika, na hili watu wengi pembeni hawalioni kwa sababu wanafuata mpira tu. Siku nyingine mtu ajaribu kutoufuata mpira dakika tano baada ya bao, atazame fasi ambapo watu wamesimama. Washambuliaji watatu wamepanda mbele, wanataka kurudisha bao sasa hivi. Mabeki wanne wamerudi nyuma karibu na kipa wao, wanaogopa mpira wa mgongoni. Kati ya makundi hayo mawili kumebaki shamba la mita 40, na ndani yake viungo wawili wanakimbia kama kuku. Mchezaji wa kati wa wapinzani anapokea mpira pale, anageuka, anainua kichwa, anachagua. Bao la pili linatoka katika shamba hilo. Lakini kwa kuwa linaishia golini, watu watasema ni la kipa tena.

Na wakati ekipe ina mpira, hakuna anayeutaka. Beki anainua kichwa, anakuta wenzake wamejificha nyuma ya wapinzani, kila mmoja akijifanya anakimbia. Anarudisha kwa kipa. Kipa, ambaye ndiye mwenye hofu kuliko wote, hana pa kutuma, anapiga mbali. Mpira unarudi baada ya sekunde tano. Wanarudia tena, na tena. Hivyo ndivyo ekipe inacheza dakika 20 bila kupumua, na uchovu unaongezea hofu. Katika kartie zetu, ambapo wachezaji wengine wameingia kiwanjani bila kula tangu asubuhi, hilo si jambo dogo.

Haraka nayo inaua. Mfano wake unajulikana dunia nzima: tarehe 8 Julai 2014, Belo Horizonte, Brazil na Ujerumani, nusu fainali ya Kombe la Dunia. Brazil walikosa Neymar aliyeumia mgongo, na kapiteni Thiago Silva aliyefungiwa kwa kadi. Thomas Müller alifunga dakika ya 11. Kisha kati ya dakika ya 23 na ya 29, mabao manne. Manne katika dakika sita, kwa Brazil, nyumbani kwao! Tazama lile la dakika ya 26: Brazil wametoka tu kuanzisha mpira baada ya kufungwa, Fernandinho anapokea karibu na lango lake, hajatulia, Toni Kroos anamnyang'anya, anapeana na Khedira, bao. Hawakuhitaji kukimbilia kufunga wakati ule. Walihitaji kushika mpira dakika mbili, hata kwa kurudisha nyuma, hata kama watu wangepiga miluzi. Hakuna aliyekuwa na kichwa cha kusema hivyo, kwa maana yule ambaye kazi yake ni kusema alikuwa amekaa juu na watazamaji. Ile mechi iliisha saba kwa moja.

Kubadilisha kipa

Kuna uamuzi mmoja unaostahili kuzungumziwa peke yake, kwa sababu unarudiwa kila wiki katika viwanja vya mashariki: kumtoa kipa mara moja baada ya kosa. Watu wanapiga kelele "Mutoe! Mutoe!", na kocha, ambaye naye anaogopa watu, anamtoa.

Kama kipa ameumia, sawa. Kama haoni tena mpira, sawa. Lakini kumtoa juu ya kosa moja kuna bei. Yule anayeingia hajapasha misuli, hajagusa mpira, na anaingia ndani ya moto wa mtu mwingine; Gelsenkirchen bao la nne lilikuja kama dakika moja tu baada ya Tubilandu kuingia. Halafu wale kumi wanaobaki wanapokea ujumbe: ukikosea, unatoka. Tangu hapo kila mmoja anacheza ili asikosee, na mchezaji wa namna hiyo hatoi pasi ya mbele hata moja.

Watu wa pembeni wana sehemu yao pia. Siku hizi vijana wengi wameweka feza ya paris kwenye simu, na uvumilivu umekuwa mfupi zaidi. Matusi kwa kipa yanaanza dakika ya nane, nyuma ya goli lake, umbali wa mita mbili, kwa lugha anayoielewa vizuri, wakati mwingine yanataja mama yake. Halafu watu walewale wanashangaa kwa nini mikono yake inatetemeka. Juu ya habari za dawa zilizozikwa, kila mtu ana imani yake. Lakini mahali watu wanapochimba goli kutafuta kitu, hakuna anayemwuliza beki kwa nini alirudisha mpira bila kutazama.

Leopards wengine, Bata 2015

Kutulia kunafundishika. Leopards wa Florent Ibenge walionyesha hivyo katika Kombe la Afrika la 2015, huko Guinea ya Ikweta, na namna walivyofika pale ina faida kuliko ushindi wenyewe.

Mechi ya kwanza, Zambia waliwafunga dakika ya 2. Dakika ya pili, watu wengine hawajakaa hata kwenye kiti. Kongo hawakukimbilia popote. Walisawazisha dakika ya 66 kupitia Yannick Bolasie. Na Cape Verde walitoka sifuri kwa sifuri. Na Tunisia walitangulia kufungwa tena, wakasawazisha tena, kupitia Jeremy Bokila. Hakukuwa na ushindi hata mmoja katika kundi, na wengi nyumbani walilalamika. Lakini ekipe ilikuwa imekwisha kujifunza kitu: tukiwa nyuma, hatufi.

Tarehe 31 Januari, Bata, robo fainali na ndugu wa Congo-Brazzaville. Mechi ya majirani, yenye uchungu wake. Dakika ya 62 ilikuwa mbili kwa sifuri kwa Brazzaville. Kipa Kidiaba, mtu aliyebaki na siku moja kutimiza miaka 39, alikuwa ameona mambo mengi zaidi ya hayo. Dakika ya 65 Dieumerci Mbokani anafunga. Dakika ya 75, Bokila. Dakika ya 81, beki Joël Kimwaki. Mwishoni Mbokani tena. Nne kwa mbili. Wakongo walimaliza mashindano yale wakiwa wa tatu.

Mu ekipe ya kartie, inaanzia wapi?

Inaanzia kabla ya mechi, na kitu cha kwanza hakihusu mpira. Feza ya usafiri imetoka ao haijatoka? Nani anacheza na viatu vya kuazima? Primu ndogo iliyoahidiwa na raisi wa ekipe, italipwa lini? Mambo hayo yanapoachwa mpaka siku ya mechi, yanaingia kiwanjani pamoja na wachezaji. Raisi wa ekipe asiyetaka kusema ukweli juu ya feza siku ya tano asimlaumu kipa siku ya yenga.

Kisha kapiteni. Katika ekipe nyingi kitambaa anapewa mchezaji mkali kuliko wote, au mtoto wa mtu fulani. Mkali mara nyingi ndiye wa kwanza kukasirika. Afadhali beki wa kati mwenye sauti, ambaye wengine wanamsikiliza hata mazoezini. Ekipe inaweza kukubaliana neno moja, fupi, kwa mfano "Nyumba!", na likisemwa baada ya bao kila mtu anarudi fasi yake, mistari inakaribiana, hakuna anayezungumza juu ya kosa mpaka mapumziko. Mtu mmoja anachukua mpira wavuni na kuutembeza mpaka katikati. Kutembea, bila kukimbia. Sekunde hizo zinatosha kupumua mara nne au tano kwa kina, na pumzi ndefu ndiyo njia ya karibu kabisa ya kuushusha moyo.

Mpira ukianzishwa, pasi tatu fupi, za nyuma hata, na moja kati ya hizo ipite kwa yule aliyekosea. Mpe mpira rahisi, akiwa peke yake, mguu wake mzuri. Akiupokea na kuutoa salama, mwili wake unapata habari kwamba nyoka ameondoka. Wengi wanafanya kinyume: wanamkwepa dakika 15, na mpira wa kwanza unaomfikia unakuwa wa hatari, katikati ya watu watatu.

Kocha naye, dakika hizo, anaweza kukaa. Asimame kama lazima, lakini aseme juu ya umbo peke yake: karibianeni, shukeni, subirini. Mambo ya miguu yabaki kwa mazoezi.

Na mazoezi yenyewe. Ekipe nyingi zinamaliza wiki kwa mechi ya wao kwa wao, wanaanza sifuri kwa sifuri, wanacheka, wanaenda kuoga. Hawajawahi hata siku moja kuwa nyuma kabla ya siku ya yenga. Siku ya ine, kocha anaweza kugawa watu na kusema: jezi nyekundu mmefungwa moja, zimebaki dakika 15, mwamuzi ni mimi na nitawaonea kidogo. Wengine wasimame nyuma ya goli wapige kelele. Golini akae kipa uleule wa siku ile ya kajiwe, na mpira wa kwanza uanzie kwake.